Fildi bila posho: hufanyi bure, unalipia wewe

Kila ikikaribia mwezi wa saba simu yangu inaanza, mara shangazi, mara jirani wa zamani, mara mtu niliyesoma naye hatujasalimiana miaka mitano, "kuna kijana wangu anatafuta sehemu ya fildi, hapo ofisini kwenu hamna nafasi?" na swali la pili linafuata hapohapo, "wanalipa?" Miaka mingi nilikuwa najibu kifupi tu, hapana hawalipi ila atajifunza, yanaisha. Siku hizi sijibu hivyo. Nimekaa pande zote mbili, nilikuwa mwanafunzi wa fildi nikihangaika na nauli, na sasa ni mimi ninayesaini logibuku za wadogo zangu, yale madaftari ya kuandika kazi za kila siku, na hilo neno "hawalipi" nimeona linaficha kitu kikubwa, linafanya ionekane hakuna hela inayotembea pale. Hela inatembea sana. Inatoka mfukoni kwa kijana na kwa mama yake anayeuza vitumbua, inaenda kwa konda na kwa mama ntilie, na mwisho wa siku ofisi imepata mtu wa kuingiza risiti kwenye kompyuta.

Tupige hesabu ya Dar kwanza, maana ndo wengi wanakimbilia huku. Kijana anakaa Chanika kwa ndugu, ofisi iko Mikocheni, ni daladala mbili asubuhi na mbili jioni. LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, walivyopandisha nauli Desemba 2023 ruti fupi ya mjini isiyozidi kilomita 10 ilifika 600, kwahiyo hata ukichukua hiyo ya chini kabisa ni 2,400 kwa siku, na huyo wa Chanika ruti zake ni ndefu anazidi hapo. Nauli ya mwanafunzi ni ya wenye sare, wewe wa chuo konda anakuhesabu mtu mzima. Mchana wali maharage na maji haipungui 2,000 au 2,500, bando la buku maana maelekezo ya kazi yanakuja kwa WhatsApp na ripoti ya chuo lazima uitafutie vitu mtandaoni. Tuseme 6,000 kwa siku, bila kuumwa, bila kununua kiatu. Fildi nyingi ni wiki nane, siku 40 za kazi, hapo ni 240,000. Na hiyo ni kwa mwenye ndugu mjini wa kumpa godoro, asiye na ndugu atafute chumba, na baba mwenye nyumba hakupi chumba cha miezi miwili, anataka kodi ya miezi mitatu au sita mkononi.

Mtu atasema si kuna boom, ile hela ya mkopo wa chuo. Lipo, Bodi ya Mikopo ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo, mpaka 10,000 kwa siku, ila mpaka siyo sawa na kila mtu, inategemea umepangiwa asilimia ngapi, na hela ikichelewa fildi haikusubiri, unaanza tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Afu kuna watoto wa astashahada na wa diploma za kozi ambazo mkopo haujazigusa, hao kila shilingi inatoka nyumbani.

Sasa kabla ya kubishana inalipa au hailipi, inabidi tutenganishe vitu ambavyo tumevirundika kwenye neno moja. Kuna fildi yenyewe, ile ya ndani ya kozi, Wakenya wanaita atachimenti. Hiyo chuo kinakupa barua ya utambulisho, una logibuku, mwalimu anakuja kukukagua hata kama ni mara moja tu na dakika 20, unaandika ripoti, unapata alama, usipofanya humalizi. Hapo swali la ifanyike au isifanyike halipo, swali ni wapi na kwa masharti gani. Kuna intanshipu ya baada ya kuhitimu, mfano madaktari wetu wanaofanya mwaka mzima hospitali kabla ya kusajiliwa na wanalipwa, au ile programu ya uzoefu kazini ya Ofisi ya Waziri Mkuu inayopita TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Halafu kuna kujitolea. Umemaliza chuo, huna mwalimu anayekukagua, huna logibuku, huna tarehe ya mwisho, unaingia saa mbili unatoka saa kumi na moja kama wenzako wenye mkataba, na ukiuliza unaambiwa vumilia nafasi zikitoka wewe ndo wa kwanza. Mimi sina ugomvi na fildi bila posho. Ugomvi wangu ni pale kujitolea kunapojificha ndani ya jina la kujifunza.

Na mchezo wa majina siyo wa kwetu tu. Jirani zetu Kenya walichukua walimu waliosomea ualimu, wana cheti, wamesajiliwa na TSC, tume ya walimu ya kule, wakawapeleka shule za sekondari ya chini kwa jina la intani na mshahara wa shilingi 20,000 za kwao. Wanafundisha vipindi vyote, wanasahihisha mitihani, ila ni intani. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikasema TSC haina mamlaka ya kuajiri walimu kwa mtindo huo, Mei wakagoma, na Januari 2025 walimu 46,000 wakaingizwa ajira ya kudumu. Madaktari wa intanshipu nao, makubaliano ya 2017 yalisema wapate 206,400 kwa mwezi, mwaka 2024 serikali ikaja na 70,000, mgomo ukaenda siku 56. Hawa walikuwa wanalipwa, najua, ila angalia neno lilivyofanya kazi: ukimwita mtu intani unaweza kumpunguzia bei ya kazi ambayo anaifanya yote.

Marekani hili jambo limepigwa mahakamani muda mrefu. Mwaka 1947 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya reli ya Portland Terminal, waliokuwa wanafundishwa kazi ya breki za treni kama wiki moja hivi bila kulipwa, mahakama ikasema hao siyo wafanyakazi, kwa sababu kampuni haikupata faida ya papo kwa papo kutoka kwao, wafanyakazi wa kawaida waliendelea na kazi na wale wanafunzi saa nyingine walikuwa wanachelewesha tu. Miaka mingi baadaye, 2011, watu wawili waliokuwa intani bila malipo kwenye utengenezaji wa filamu ya Black Swan waliishtaki kampuni ya filamu ya Fox Searchlight, kazi zao zilikuwa kutoa fotokopi, kupokea simu, kuagiza chakula cha mchana, kutoa taka. 2013 jaji akasema hawa walikuwa wafanyakazi, walipwe. 2015 mahakama ya rufaa ikaitengua ile hukumu na kuweka kipimo kingine, tuangalie nani mnufaika mkuu, kijana au kampuni, na 2018 wizara ya kazi yao ikakichukua hicho kipimo. Wanauliza vitu kama je mafunzo yanafanana na ya darasani, yanahusiana na kozi, muda unaishia pale kujifunza kunapoishia, kijana anaziba nafasi ya mfanyakazi au anafanya pembeni yake. Ufaransa hawakutaka kuhangaika na vipimo vyote hivyo, sheria yao inasema ikizidi miezi miwili lazima umlipe.

Mimi kipimo changu cha nyumbani ni hiki, usipokwenda kesho na keshokutwa, nini kitasimama? Kama hakuna kinachosimama na kila jioni unarudi na kitu kipya kichwani, wewe ni mwanafunzi, hiyo nauli umeilipa kama ada. Kama ripoti haitatoka, wateja hawatahudumiwa, bosi ataanza kukupigia simu, wewe ni mfanyakazi na unastahili hela. Na kama hakuna kinachosimama na hakuna unachojifunza, hiyo ndo hasara kamili, na kiukweli hiyo ndo fildi ya wanafunzi wengi sana.

Hiyo ya mwisho nimeipitia. Fildi yangu ya kwanza nilipata ofisi kubwa mjini, kioo mpaka chini, kiyoyozi, nyumbani walifurahi na mimi nilifurahi zaidi. Mwezi mzima nilikaa masjala kupanga mafaili kwa namba, nikimaliza natumwa supu na chapati, nikirudi nakaa kwenye benchi nasubiri mtu anikumbuke. Hakuna aliyekuwa mbaya kwangu, walikuwa wapole kabisa, ila hakuna aliyeambiwa kwamba huyu mtoto ni jukumu lako. Logibuku nilikuwa naijaza kwa kuangalia ya mwenzangu. Mwaka uliofuata nilikosa nafasi Dar, nikaenda halmashauri moja ya wilaya mkoani Morogoro kwa sababu tu kulikuwa na mjomba wa kunipa chumba, nikiwa nimekata tamaa kabisa. Kule mhasibu alikuwa mama mmoja ana kazi za watu watatu, siku ya pili alinisukumia stetimenti ya benki na daftari la fedha akasema linganisha. Nikamletea, inatofautiana 1,500, nikamwambia mama imekaribia. Akaniambia, "Mwanangu, hela ya serikali haina kukaribia." Nikarudia mara sita. Ilikuwa makato ya benki ambayo hakuna aliyeyaandika. Miaka miwili baadaye kwenye usaili wa kazi niliyo nayo mpaka leo walitupa karatasi mbili, stetimenti na daftari, wakasema mna dakika 40, na kitu cha kwanza nilichotafuta ni makato ya benki.

Kwahiyo kijana akiniuliza aende wapi simwambii kuhusu jengo. Ofisi za Posta, pale katikati ya Dar, zina jina zuri kwenye CV, sikatai, ila mara nyingi zina wanafunzi wa fildi kumi na watu wawili wenye muda wa kuwafundisha. Halmashauri, vituo vya afya, viwanda vidogo, ofisi za watu watano, kule kuna upungufu wa watumishi na upungufu huo unakufungulia kazi halisi, na kama ni kwenu nyumbani chumba na chakula siyo shida. Hasara yake ipo, hutakutana na wale watu wanaoajiri wengi, na koneksheni kwetu ina uzito wake, tusidanganyane. Lakini koneksheni ya maana ni mtu mmoja aliyekuona ukifanya kazi akaweza kupokea simu na kusema huyu namjua, mchukueni. Yule mama wa Morogoro aliandikwa kwenye CV yangu na alipigiwa.

Hapa ndo pana jambo linaloniuma kuhusu fildi na intanshipu bila malipo, hata zile nzuri. Zinachuja watu kwa uwezo wa nyumbani kabla hazijawachuja kwa uwezo wa kichwa. Mwaka 2015 kijana wa New Zealand, David Hyde, miaka 22, alipata intanshipu Umoja wa Mataifa kule Geneva, hailipwi, mji ni ghali, akaishia kulala kwenye hema, picha zikazunguka dunia nzima. WHO kuanzia 2020 wakaanza kuwapa posho intani wao, Ikulu ya Marekani nayo ikaanza kulipa 2022, lakini Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa yenyewe iliendelea kutolipa, na hiyo siyo habari ya Ulaya peke yake, Gigiri pale Nairobi kuna makao makuu ya mashirika yake mawili, UNEP na UN-Habitat. Mtoto wa Kakamega au wa Singida mwenye alama safi anaiona ile nafasi, anapiga hesabu ya chumba Nairobi miezi mitatu hadi sita, anafunga ukurasa. Anayekwenda ni yule ambaye nyumbani wanaweza, na miaka kumi baadaye tunashangaa kwanini ofisi hizo zimejaa watu wa aina moja.

Nirudi kwa wanaojitolea baada ya chuo, maana hawa wengi hawajui sheria ya nchi yao inasemaje. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayefanya kazi kwa mwingine atachukuliwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama kuna hata jambo moja kati ya kadhaa zilizotajwa: namna unavyofanya kazi inasimamiwa na huyo mtu, au saa zako anazipanga yeye, au umekuwa sehemu ya ile taasisi, au kwa miezi mitatu ya mwisho umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi, au anakupa vifaa vya kazi. Saa 45 kwa mwezi! Wapo wanaojitolea wanaofikisha hizo ndani ya wiki moja. Siyo kwamba ukifika pale umeshashinda, mwajiri anaweza kuleta ushahidi wake kwamba mlikubaliana ni kujitolea, na ukisaini karatasi ya kujitolea itatumika dhidi yako, ila mlango upo. Mlango wenyewe ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na una muda, ukiachishwa una siku 30, madai mengine siku 60. Ndo maana nasema tunza vitu, barua ya kukupokea, meseji za kukupangia zamu, daftari la mahudhurio lipige picha. Na jiwekee tarehe wewe mwenyewe. Miezi mitatu naweza kuelewa, kuna mtu anatafuta uzoefu na ofisi inataka kumwona. Mwaka wa pili bila mkataba, hapana, hapo hakuna tena unachojifunza ambacho hukukijua mwezi wa nne, na kila mwezi unaokaa pale ni mwezi ambao hukutafuta kwingine.

Jambo jingine watu hawapendi kuliongea ni ile saini. Mwanafunzi wa fildi hana mshahara wa kukatwa lakini ana fomu ya tathmini, na mwenye kalamu anajua. Wapo mabinti wanaoambiwa njoo tujadili ripoti yako sehemu ambayo siyo ofisini. Hiyo ina jina, ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, TAKUKURU wanapokea simu bure 113, na mratibu wa fildi chuoni anaweza kukuhamisha katikati ya muda. Ukihama unapoteza wiki mbili tatu. Poteza.

Kabla ya kukubali nafasi, uliza. Vijana wanaogopa kuuliza wanaona wataonekana wana kiburi, hakuna kiburi pale, mimi nikiulizwa naheshimu zaidi. Nani atanisimamia, kwa jina siyo kwa idara. Nitagusa kazi gani wiki ya kwanza na gani wiki ya sita. Je kuna nauli au chakula, hata kama siyo posho. Naruhusiwa kutoka mapema siku moja kwa wiki nikafanye shughuli yangu, maana wapo wanaouza genge jioni ndo wanaishi. Ofisi ikishindwa kujibu hilo la kwanza tu, tafuta nyingine kama muda unaruhusu.

Na sisi tunaopokea tuseme ukweli wa upande wetu. Mwanafunzi wiki mbili za mwanzo anakugharimu, unafanya kazi yako na unamfundisha, unasahihisha, mara kaingiza risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, za mwezi mwingine. Waajiri wanaosema hivyo hawadanganyi. Ila hawamalizii hadithi, maana kuanzia wiki ya tano yule aliyefundishwa vizuri anabeba mzigo, tarehe 20 ya kupeleka ritani za VAT ikikaribia mimi mwenyewe nampangia rundo lake.

Miaka michache nyuma nilikuwa na binti mmoja wa fildi, mtulivu, mkono wake safi kwenye hesabu, lakini anakuja siku tatu, siku mbili haonekani, akirudi anasema alikuwa anaumwa. Kwenye fomu yake nikaandika mahudhurio hafifu nikampa alama ndogo. Wiki ya mwisho mwenzake ndo akaniambia, siku ambazo hakuja zilikuwa siku ambazo nyumbani nauli haikupatikana, na siku nyingine alizokuja alishuka Buguruni akatembea. Fomu ilikuwa imeshatumwa chuoni. Nilipiga simu, nikaandika barua, alama hazikubadilika.

Nilienda kwa bosi na hesabu kwenye karatasi, 3,000 kwa siku, siku 40, ni 120,000 kwa mwanafunzi mmoja, pungufu ya katriji moja ya printa yetu. Akakubali, kwa sharti moja kwamba isizidi bajeti aliyonipa. Tulikuwa tunapokea wanne kila mwaka bila kuwapa kitu, sasa tunapokea wawili na tunawapa nauli kila Jumatatu asubuhi, ya wiki nzima, mkononi. Hawa wawili hawakosi hata siku. Barua za waliobaki ziko kwenye droo yangu, msimu huu ni kumi na saba, na bado nampigia kelele bosi kuhusu mtu wa tatu.